Nasaini kilo 40 zikija 32, alafu Jumapili nasimama mbele ya vijana: nifanyeje?

Ndugu mmoja wa hapa Malindi ameuliza, nafupisha. Ni mtunza stoo kwenye hoteli moja ya ufukweni. Samaki wanaletwa mara mbili kwa wiki, karatasi inaandikwa kilo 40, mizani inasema 32, yeye anasaini, na ile tofauti wanagawana watatu, yeye na shefu na sapulaya, yake inaingia kwa M-Pesa 1,600 kila mzigo. Imeenda hivo mwaka na nusu. Kanisani ni kiongozi wa vijana, anashika mpaka pesa zao, na kwenye ujenzi aliahidi 50,000 akalipa nusu kwa hizo hizo pesa za samaki. Anasema mdosi mwenyewe anawanyonya, overtaimu hailipwi, na kila Aprili wageni wakipungua wanarudishwa nyumbani bila mshahara. Swali lake: niache kazi niwe safi na Mungu, ama nitubu kimya kimya niendelee, na ile niliyopeleka kanisani je, imehesabiwa kitu?

Mdogo wangu, nianze na kuacha kazi manake hapo naona umeshaamua nusu. Usiache, angalau si sasa. Ukiondoka leo, yule atakayewekwa kwenye kiti chako atapewa kalamu ile ile na zile kilo nane zitaendelea kutoka kama kawaida, na wewe utakuwa umekaa nyumbani unawaambia watu umeacha kazi kwa ajili ya imani, na watu watakusifu, na hilo ndo litakuwa la uongo zaidi kuliko samaki. Soma Luka 3. Watoza ushuru walimfuata Yohana wakamuuliza tufanye nini, na watoza ushuru wa enzi zile sifa zao unazijua, akawaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Wakaja askari nao, akawaambia wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, na watoshewe na mishahara yao. Hakuna aliyeambiwa arudishe sare. Waliambiwa warudi kazini kesho yake na waifanye sawa, na mimi naona hiyo ni ngumu kuliko kuondoka, sababu unarudi kukaa na wale wale uliokuwa unakula nao. Ingekuwa kazi yenyewe ndo dhambi, kwamba umeajiriwa kuuza unga ama wasichana, ningekwambia toka leo usichukue hata viatu, lakini kupokea samaki na kuandika uzito ni kazi halali kabisa, kilichooza ni mwandiko.

Mimi kabla ya kuingia kwenye ushauri wa kanisa nilikaa miaka kwenye ofisi za hesabu za hoteli hapa pwani, kwa hivyo huu mchezo wako naujua na nitaongea na wewe kama mtu wa hesabu kwanza. Watu wakisikia uadilifu wa Mkristo wanafikiria machozi madhabahuni na kuweka nadhiri. Wewe wako utaanzia kwenye mizani, mzigo ujao, saa kumi na mbili na nusu asubuhi sapulaya akishusha kreti. Mwaga barafu. Acha maji yachuruzike. Pima kreti tupu utoe uzito wake, pima samaki kwa aina, changu peke yake, kolekole peke yake, pweza usimchanganye na wengine manake ndo anabeba maji mengi. Mwite mtu wa pili aone namba, hata kama ni kijana wa kuosha sufuria. Alafu kwenye karatasi ya sapulaya, pale alipoandika 40, kata mstari mmoja ili bado kisomeke unachokikata, andika 32, weka saini yako na yake pembeni, na kwenye kitabu chako cha kupokea andika 32. Basi. Hakuna muziki, hakuna malaika, ni kama dakika ishirini na mikono inanuka samaki. Ile Mithali 11:1 uliyoikariri Sunday school, mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza, ilisemwa kwa watu wa soko, ilisemwa kwa mtu kama wewe mwenye mizani mbele yake na mteja ambaye haoni.

Shefu atauliza. Usihubiri! Tena nakuomba, usimwambie umeokoka upya wala Roho amekuonya, manake hapo utaifanya iwe habari ya wewe mtakatifu na yeye mwenye dhambi, na mtu akibanwa hivo anapigana. Mwambie tu, shefu kuanzia leo naandika kile mizani inasema, mgao wangu msinitumie tena. Akileta hasira sema hivo hivo mara ya pili. Ile M-Pesa ikiingia hata hivo, irudishe siku hiyo hiyo na uhifadhi ujumbe.

Na usidhani mnajificha sana. Wakati wa kusi bahari ikichafuka na samaki wakiadimika bei inapanda, na hapo naona ndo mnajisikia salama, gharama ikipanda mnasingizia msimu. Lakini bei na uzito ni vitu viwili na mtu wa hesabu anavitenganisha kwa kalamu moja tu. Chukua samaki mzima kilo 40, ukitoa kichwa, miiba na matumbo unabaki na mnofu kama asilimia 45, yaani kilo 18, na kama sahani moja ni gramu 200 hizo ni sahani 90. Kilo 32 kwa hesabu hiyo hiyo zinatoa sahani 72. Kwa hivyo kila mzigo kuna sahani 18 ambazo hoteli imelipia na hakuna mgeni aliyezila, wala haziko kwenye friza siku ya stokteki, ile ya kuhesabu stoo. Mkaguzi akija hamuulizi shefu kwanza, hapana, anafungua faili anatafuta saini, na saini ni yako peke yako, ya shefu haipo mahali, ya sapulaya iko kwenye karatasi yake atasema yeye alileta 40 na wewe ukakubali. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na kwenye stoo za hoteli nimeona ikitimia.

Sasa hili la mdosi kuwanyonya. Hapa nitakaa kidogo sababu ndo sababu inayokufanya ulale usiku, na si ya kijinga. Inawezekana kabisa ni kweli unadai. Overtaimu ambayo haijalipwa ni deni, na kurudishwa nyumbani bila mshahara bila ninyi kukubaliana ni jambo unaloweza kubishania. Lakini angalia ulichofanya: una deni kwake, yeye ana deni kwako, na wewe ukaamua kujilipa gizani kwa kiwango ulichokipanga na shefu, na shefu na sapulaya nao wakajilipa deni ambalo huenda hawadai hata shilingi. Mwenzako wa kufua mashuka pia hajalipwa overtaimu, yeye amepata kilo ngapi? Kama ni haki mnatafuta, mbona imeishia kwa mwenye kalamu? Dai lako lidai mchana. Andika siku na masaa, chama cha KUDHEIHA ndo cha wafanyakazi wa hoteli kwa hiyo anzia kwa mwakilishi wenu, kuna ofisi ya leba, na Mahakama ya Kazi inakaa hapa hapa Malindi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miaka mitatu kudai kwa hivyo usilale, na inasema pia kwamba mfanyakazi kulalamika dhidi ya mwajiri, kama malalamiko si ya upuuzi, si sababu halali ya kumfukuza. Shida ni kwamba mtu mwenye kilo nane mfukoni hawezi kusimama kudai overtaimu, atafunguliwa faili. Ndo maana nasema hizo 1,600 zimekula zaidi ya unavyodhani, zimekula mdomo wako.

Tuje kwa yaliyopita. Umeuliza kama unaweza kutubu kimya kimya. Kwa Mungu ndiyo, na anasamehe, sina neno la kuongeza hapo. Lakini msamaha wa Mungu haujarudisha pesa kwenye akaunti ya hoteli. Zakayo hakusema Bwana nimeokoka asante, alisema nusu ya mali yake kwa maskini, na kama alinyang'anya mtu kwa hila anamrudishia mara nne. Torati kwenye Hesabu 5 yenyewe ilikuwa na kiwango cha chini zaidi kwa mtu anayekiri mwenyewe, unarudisha kile ulichochukua na unaongeza sehemu ya tano, na unampa yule uliyemkosea. Kwa hivyo kaa chini na simu yako, M-Pesa inakumbuka kila kitu. Tuseme ukitoa miezi hoteli ikifungwa ni wiki 60, mara mbili kwa wiki ni 3,200, jumla 192,000, na sehemu ya tano ni 38,400, inafika 230,400. Hiyo ni yako. Lakini kwa bei yenu ya 600 kwa kilo, hoteli imepoteza 9,600 kila wiki, kwa wiki hizo 576,000, na kila shilingi ilipita chini ya saini yako. Utalipa ya nani? Kwa dhamiri mimi naanza na ile uliyoshika mkononi, huwezi kutubu kwa niaba ya shefu. Mbele ya sheria lakini usitegemee kugawanya hivo, wewe uliandika zote.

Na hapa nasema jambo ambalo wachungaji wengine hawatapenda: usikimbilie kwa meneja kesho na barua ya kukiri eti umeguswa ibadani. Wizi wa mtumishi kwa mwajiri wake ni kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu, mpaka miaka saba. Na Sheria ya Hongo ya 2016 haigusi serikali tu, inagusa na kampuni binafsi, anayetoa na anayepokea wote wamo, kwa mtu binafsi ni mpaka miaka kumi ama faini isiyozidi milioni tano ama vyote. Tena inamtaka mwenye cheo cha mamlaka, hata kwenye kampuni binafsi, aripoti hongo anayoijua ama kuishuku ndani ya masaa 24, na wakili atakwambia kama cheo chako kinaingia humo. Nimekwambia kukiri ni lazima na bado nakwambia hivo, lakini pitia kwa wakili kwanza, kaa naye saa moja, mwambie ukweli wote, mwambie unataka kurudisha na kwa njia gani, barua iandikwe vizuri, pesa ziende kwa awamu kupitia njia yenye risiti. Hiyo si ujanja. Una watoto, na kukiri kwa fujo kunaweza kuishia na wewe ndani, shefu akipandishwa cheo, na hoteli isipate hata senti. Ila usitumie wakili kama mahali pa kujificha pia. Ukijikuta miezi imepita na bado unasema wakili anaangalia, umeshajua mwenyewe kinachoendelea.

Kabla ya wakili, mkeo. Sijui kama anajua, kwenye swali lako hukumtaja hata mara moja na nilishangaa. Karibu 13,000 kwa mwezi zinatoka kwenye nyumba, Januari kuna karo, Aprili hakuna mshahara, huwezi kuamua utakatifu peke yako alafu yeye auone kwenye unga. Mwambie usiku watoto wakilala, na namba zote, si nusu.

Sasa ile 25,000 ya ujenzi. Wakuu wa makuhani, watu waliokuwa wamelipa wenyewe vile vipande vya fedha, Yuda alipovitupa hekaluni walisema si halali kuviweka kwenye sanduku la sadaka manake ni kima cha damu. Hao ni watu waliokuwa wanapanga kuua mtu asiye na hatia, na hata wao walijua kuna pesa haiingii. Kwa hivyo hapana ndugu yangu, haijakuhesabia kitu, na naomba uache hiyo lugha ya kuhesabiwa. Ulichofanya ni kumpa Mungu samaki wa mtu mwingine. Lakini tena sikwambii kanisa libomoe ukuta. Nenda kwa mchungaji wako, peke yenu, mwambie ile ahadi iliyobaki hutailipa kwa sasa na kwa nini. Akiwa mtu mzuri atauliza kama kanisa lirudishe ile nusu kwa mwenyewe, na hilo ni la wazee kuamua, si lako. Akikwambia tulia, pesa haina harufu, malizia tu ahadi, basi umejua kitu kuhusu mchungaji wako, na ningekushauri utafute mzee mwingine wa kuongea naye.

Pesa za vijana ziachie mtu mwingine wiki hii. Sisemi umezigusa. Paulo alipokuwa anabeba mchango wa kupeleka Yerusalemu, 2 Wakorintho 8, hakubeba peke yake, alitembea na wenzake ili mtu asimlaumu, na akasema anafikiria yaliyo mema si mbele za Bwana tu bali na mbele ya wanadamu. Huyo ni Paulo! Kwa nini sisi hapa kikundi cha vijana arobaini hela zote ziko kwenye simu ya mtu mmoja na tukiulizwa tunasema tunaaminiana? Wekeni watu watatu, taarifa isomwe kila mwezi kwa sauti, iwe kawaida hata kwa yule ambaye hana kesi. Na kuongoza vijana pumzika mpaka jambo la hoteli lianze kulipika, bila tangazo, bila ushuhuda. Hasa bila ushuhuda. Ukisimama ukasema Bwana amenitoa kwenye ufisadi wa hotelini, Malindi hii ni ndogo, kabla ibada haijaisha shefu ameshapigiwa simu, na utakuwa umemtaja mtu ambaye hajapata nafasi ya kujibu.

Yule sapulaya naye, umesema ni mzee wa Mayungu, Muislamu, na kwamba anakuita pasta kwa utani. Nimeisoma hiyo mara mbili. Yeye anajua Jumapili unafanya nini na anajua Jumatatu unaandika nini, na bado anakuchekea. Tangu yale ya Shakahola 2023, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ikafukuliwa kwenye msitu wa kaunti yetu hii hii, mtu wa Malindi akisikia mtumishi wa Mungu anakaa mguu nje mguu ndani, na ana haki. Hatutarudishiwa heshima kwa mikutano ya hadhara. Huyo mzee anza naye wewe, mwambie hata yeye kwamba utaandika kilichopo na kwamba akuwie radhi kwa kumuingiza ama kuingizwa naye, vyovyote ilivyoanza. Huenda akafurahi. Wengi wao wanalazimishwa na shefu, asipoandika 40 hapewi oda.

Kuhusu kulipiziwa, jiandae, sitakudanganya. Shefu anaweza kukuwahi akaenda kwa meneja akasema wewe ndo mwizi, kwa hivyo usichelewe na wakili, na zile karatasi unazokata na kuandika 32 piga picha kila siku ukiwa bado kazini. Kifungu cha 44 cha ile Sheria ya Ajira kinamruhusu mwajiri kukufukuza papo hapo kama ana sababu ya kutosha kukushuku kosa la jinai dhidi ya mali yake. Lakini hata hapo kifungu cha 41 kinamlazimu akueleze kosa kwa lugha unayoielewa na akusikilize, na una haki ya kuingia kwenye kikao hicho na mfanyakazi mwenzako ama mwakilishi wa chama. Ukiitwa ghafla kabla hujamuona wakili, omba huyo mtu aje akae na wewe, na usisaini karatasi yoyote watakayokuwekea mezani mpaka uisome yote.